Mfaransa Aliyekuja Kununua Kofia

Leo uso wangu sina pa kuuweka. Mnaonijua, someni polepole. Msionijua, mshukuruni Mungu.

Shangazi yangu, Bi Zuhura, anashona kofia za mkono hapa kwetu, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Kofia moja humchukua miezi, kitobo baada ya kitobo, kila katundu likizungushiwa uzi. Sindano alifunzwa na mamake, Mngazija wa Komoro. Mimi ndiye mtu wake wa mtandao (cheo nilijipa mwenyewe): napiga picha, naweka, najibu barua pepe.

Wiki iliyopita ikaja barua fupi kwa Kiingereza cha kuungaunga, kama kile cha tangazo langu. Mtu anataka kofia saba za harusi ya mjukuu wake, na atakuja kuziona mwenyewe. Chini, herufi mbili tu badala ya jina. Nikatazama mwisho wa anwani yake. Nukta, f, r. Ufaransa!

Mfaransa na kofia za harusi wapi na wapi? Hilo sikujiuliza. Wazungu siku hizi huvaa chochote.

Leo asubuhi Shangazi alizipanga kofia zake mezani kwa utaratibu kama anamlaza mtoto. "Leo jina langu lavuka bahari," akaniambia. "Usinitie haya, mwanangu." Hajapata mteja wa nje maishani mwake.

Alipoingia ndani kuswali adhuhuri, nikapata akili. (Akili hii hunijia mara mojamoja, na kila ikija kuna hasara.) Nikaona kofia zile nyeupe zimepoa mno, Mzungu anataka rangi. Nikazirudisha sandukuni, nikakimbia duka la vinyago, nikaazima saba za mashine. Nyekundu, kijani, zina ndovu na twiga kuzunguka kichwa. Nikaandika salamu ya Kifaransa kiganjani.

Hodi!

Nikafungua mlango kwa mbwembwe. Mbele yangu mama mtu mzima, amejitanda leso ya shiromani, tasbihi mkononi.

"Bonzhuu, madam!"

Akanitazama. "Assalamu alaykum, mwanangu."

"Mersi," nikajibu.

(Naam. Salamu ya Mungu nimeiitikia mersi.)

Nikachungulia nyuma yake. "Na Mfaransa yuko wapi?"

"Mfaransa yupi?"

"Mwenye harusi. Mwenye kutaka kofia."

"Ndimi. Bi Echati, wa Maore."

Maore! Kisiwa jirani na kwao nyanya yangu! Mara Bi Echati keshafika mezani. Akaokota kofia moja, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye uzi. Wakati huohuo Shangazi akatoka ndani.

"Hii ndiyo kazi ya mkono wako, dada?" mgeni akamuuliza kwa upole. "Ina ndovu."

Shangazi akaitazama ile meza. "Hini si kazi yangu! Wallahi si yangu!" Machozi yakamlenga, na mimi roho ikaniuma kwelikweli. Miaka yote ile ya vitobo, halafu nimemwekea twiga!

Nikakiri. "Mimi ndiye niliyebadilisha. Nilidhani ni Mzungu. Anwani yake ni ya Ufaransa."

"Kwani Mzungu ndiye wa kuuziwa kofia mbovu?" Shangazi akaniuliza.

Nikaanza kuwakusanya twiga wangu mezani.

Bi Echati akaketi, akacheka kidogo. "Usimlaumu sana. Wenzetu wa visiwa vile vitatu vya Komoro walichukua uhuru, sisi tukabaki na Ufaransa. Binamu yangu wa kisiwa cha Nzuani, ng'ambo tu hapo, anwani yake yaishia na herufi za Komoro. Mimi nilipotaka barua pepe sikuulizwa ni mtu wa wapi. Nilipewa tu za Ufaransa."

"Kwani Maore haina herufi zake?" nikamuuliza.

"Inazo. Y na t. Wamezitoa kwenye jina wanalotuita wao, Mayotte. Maore haina y wala t."

Jamani, nikasahau aibu! Shangazi akifungua sanduku, mimi nimeketi karibu na mgeni na simu mkononi, tunapekua orodha. Reunion iko chini ya Ufaransa, na ina herufi zake. Unguja ilikuwa na sultani wake, leo haina herufi zake. Tukafika kwenye io, zile zinazopendwa na kampuni za kompyuta. Kumbe ni za visiwa vya katikati ya bahari yetu, vilivyo mikononi mwa Waingereza, na wenyeji wake walihamishwa wote!

"Baadhi yao niliwakuta uhamishoni Morisi," Bi Echati akasema. "Wazee wanataka kurudi kwao. Na herufi zao zafanya kazi dunia nzima?"

"Dunia nzima."

Akazungusha tasbihi yake.

Shangazi akamtandikia kofia zake mwenyewe mapajani. Bi Echati akainua moja kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu vitobo kwa midomo, akaibusu. Alichukua zote saba.

Wakati wa kuagana akamshika Shangazi mkono. "Ndoo harusini, Zuhura. Wakuone fundi mwenyewe."

"Inshallah. Si mbali."

"Mbali si mbali. Lakini kuja kwetu, viza waombwa Wafaransa."

Shangazi akanigeukia taratibu. "Basi ataniombea huyu. Nimemsikia mlangoni, yeye ndiye ajuaye kusema nao."

Nimeambiwa foleni ya viza iko Nairobi. Anayecheka atangulie kunishikia nafasi.