Chafya ya Kitindamimba

"Wameikata!"

Kinyozi alitoka dukani mbio, gazeti mkono mmoja, mashine ya kunyolea ikinguruma mkono wa pili. Mteja wake alibaki kitini, nusu ya kichwa ina nywele, nusu inang'aa.

"Wamekata nini, maji?" akauliza Fundi Saa, macho kwenye kahawa yake.

"Hadithi! Ile ya ukoo uliolaaniwa. Oneni: 'Mwandishi amechoka. Haitaendelea.'"

Benchi zima likaguna. Miezi minane tulikuwa tunaisoma hapo kwa Mama Kahawa: ukoo ambao mtu wake akicheka tu, anageuka jiwe. Baba jiwe. Mama jiwe. Watoto sita, mawe, wamejipanga uani. Alibaki kitindamimba, na toleo la jana lilimwacha mbele ya mchumba mcheshi, midomo inamcheza.

"Amechoka?" nikafoka. "Kamaliza watu wanane, wa tisa ndiyo mkono umuume?"

"Nyie mnatania," Kinyozi akasema. "Mama yangu anapasuliwa leo saa sita. Amegoma kuvaa gauni la hospitali. Anasema haendi kwenye kisu bila kujua yule binti kapona au vipi."

Mama Kahawa akatua birika. "Basi tuimalize sisi. Acheke, awe jiwe. Msiba ni msiba."

"Kwa mgonjwa?" Fundi Saa akaruka. "Wewe una moyo au una friji?"

"Basi mchumba ndiye awe jiwe," nikasema.

"Yeye si wa ukoo. Laana itamfuata kwa posta?" Fundi Saa akasimama. "Sikilizeni. Kicheko kinakuja, kinakuja, kinakuja... kinatoka chafya! Laana inachanganyikiwa. Mawe yote uani yanaanza kukohoa."

"Upuuzi mtupu," Mama Kahawa akasema.

"Una mwisho mwingine?"

Mama Kahawa akampa Kinyozi kalamu. Kinyozi akaandika pembeni mwa gazeti, akatimua mbio.

"Na mimi je?" mteja akalia.

"Vaa kofia!"

Tukabaki. Mara mbili Mama Kahawa alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, na hakuna aliyemcheka.

Saa kumi Kinyozi akarudi, anatembea taratibu. Wote tukasimama.

"Nilimsomea," akasema. "Kufika kwenye chafya, akanikazia macho. 'Huyu si mwandishi wangu. Mwandishi wangu huruma hana hata ya dawa. Hii chafya ni ya yule fundi saa wenu.' Halafu akacheka, akacheka, mpaka muuguzi akaja kumtuliza. Gauni akaliomba mwenyewe."

"Na upasuaji?"

"Salama. Kazinduka, kaniuliza kama nimekula."

Fundi Saa akamsogezea Kinyozi kikombe chake cha kahawa.

"Ila kuna tatizo," Kinyozi akaongeza. "Kabla ya kuingia, aliisimulia wodi nzima. Wagonjwa kumi na wawili. Wanataka sehemu inayofuata kesho saa nne asubuhi."

Fundi Saa akakumbuka kuna saa ya mteja mezani kwake. Mimi nikakumbuka nina mke. Tulikuwa tumeshapiga hatua mbili Mama Kahawa alipotuzibia njia na birika la moto.

"Hatoki mtu hapa! Mmefufua watu wanane, wamelala na njaa miezi minane. Nani anawapikia?"