Jina la Riekje likae wapi

Jumatatu, 4 Machi

Femke wa ghorofa ya juu kamaliza wimbo wake wa disko. Kicheko cha marehemu mke wangu Riekje kimo ndani. Kanda nilimpa mwenyewe, ya sherehe yetu ya miaka ishirini na tano ya ndoa. Leo kanionyesha jina kwenye simu. Femke & Geert ft. Riekje. Geert! Jirani wa mlango wa pili, kinanda chake cha kuvuta kinalia mara mbili tu humo. Nikauliza hiyo ft. ni nini. Kasema kashirikishwa, kama mgeni. Riekje mgeni? Mimi kibarua, najua vibarua wanawekwa wapi. Nyuma.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mbinu. Nyimbo za zamani ziliandikwa vs. Kama mpira, huyu dhidi ya yule, hakuna mgeni. Nikampelekea Femke samaki wa chumvi na kitunguu, nikamwambia aandike Riekje vs Geert. Si waligombana kweli, baiskeli ya Geert kuziba ngazi? Femke kacheka, eti hiyo imepitwa na wakati. Geert kasikia. Kasema Wubbe we, akiwa hai alinishinda, sasa unataka anishinde na akiwa marehemu?

Sikucheka mbele yake.

Alhamisi, 7 Machi

Femke kabadilisha. Femke x Geert x Riekje. Nikawaka. Kazini tunatandika matofali barabarani, bovu linachorwa X kwa chaki, linatupwa. Nikapanda juu, nikamwambia kamfuta mke wangu. Kasema babu, hiyo x ni pamoja, wote sawa. Kisha kasema ni ileile tunayomalizia ujumbe. Busu.

Nikakaa kwenye ngazi. Riekje aliichora kwa kalamu kwenye karatasi ya mkate wangu wa jibini, kila asubuhi. Wenzangu walinicheka. Mkate nilikula, karatasi nikatia mfukoni.

Nikamwambia Femke aiache hivyohivyo.

Jumapili, 10 Machi

Wimbo umetoka. Nimeusikiliza jikoni, kahawa ikapoa. Anacheka vilevile, mpaka anakwama pumzi. Nikarudia. Nikarudia tena.

Halafu nikatazama jina vizuri. Geert x Riekje. Busu! Geert na mke wangu, dunia nzima inasoma!

Kesho nanunua samaki. Kwenye kanda mimi nasikika nakohoa, kwa hiyo nina haki. Jina langu liingie katikati, niwatenganishe. Geert x Wubbe x Riekje.

Hapo sawa.