Kila Shati la Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeteuliwa Msimamizi wa Ubora katika karakana ya Shangazi ya kushona sare. Nimejiteua mwenyewe, ila Shangazi hakukataa. Alikuwa na pini mdomoni. Kazi yenyewe: mashati mia moja na ishirini, mwalimu mkuu anayafuata Ijumaa. Akiridhika, tunapewa sare za shule nzima. Asiporidhika, kasema Shangazi baada ya kutoa pini, narudi stoo kubeba majora ya vitambaa.

Jumanne, 4 Machi
Kikwazo kimejulikana. Ni Mzee Polepole, fundi wetu mkongwe. Kila shati likikamilika analipapasa mishono, analinganisha mikono, anavuta vifungo kimoja kimoja. Dunia inakimbia, yeye anavuta vifungo.

Nimeweka mpango. Tutakagua shati la kumi, la ishirini, la thelathini, hivyo hivyo hadi mwisho. Nimeuandika kwa kalamu nene na kuubandika juu ya vyerehani, asije mtu akasema hakujua. Mzee nimemrudisha kwenye cherehani. Aliisoma karatasi mara mbili, akasema haya mwanangu, mwenye macho haambiwi tazama. Nimeshukuru kwa pongezi.

Alhamisi, 6 Machi
Ubora asilimia mia! La kumi safi, la ishirini safi, mpaka la mwisho. Mishono imenyooka kama rula. Na mafundi wamemaliza siku nzima kabla ya wakati. Wananipisha mlangoni, chai naletewa bila kuomba. Nimemwomba Shangazi kiti cha kuzunguka. Amesema tungoje Ijumaa. Ndugu nao wana wivu.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mwalimu mkuu alichomoa shati la nne. Mtu mwenye adabu zake anaanzaje na la nne? Mkono mmoja ulifika kiganjani, wa pili ukaishia kwenye kiwiko. La tano lilikuwa na vifungo sita, matundu manne. La sita kola ilimbakia mkononi. Akasema wanafunzi wake wana mikono inayolingana, na kwamba ametupa hadi Jumatatu, la sivyo anakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Shangazi akauliza imekuwaje. Mafundi wakaeleza bila haya: kwa kuwa yanakaguliwa ya kumi, ya kumi yote walimpa Mzee Polepole ayashone. Mengine waliyakimbiza, maana nani angeyaangalia?

Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi hata hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Alinipa wembe wa kufumulia, akanionyesha rundo.

Jumatatu, 10 Machi
Siku mbili tumefumua na kushona upya, Mzee akivuta kila kifungo. Leo mwalimu mkuu kachomoa mashati ovyo ovyo, kavuta, kashindwa, kacheka. Sare za shule nzima ni zetu. Karakana imepiga vigelegele. Mimi nilivisikia nikiwa stoo.

Stoo kuna utulivu, mtu anafikiri. Nimeligundua kosa. Mpango ulikuwa mzuri, namba ndiyo mbovu. Kumi kila mtu anaijua. Saba je? Nimeandika karatasi mpya na kuibandika mapema, mafundi wajiandae. Mzee Polepole kaisoma, kaniuliza kwa upole kama sasa awe anashona ya saba.

Nimemwambia ndiyo. Hatimaye mzee ananielewa.