Mwalimu Walubengo Ameiharibu Supu Yangu ya Akili

Habiba Mbarak (Mama Zamzam),
Kaloleni, Kisumu.
9 Oktoba 1991

Kwako Bwana Wakoli, Mwalimu Mkuu,

MINTARAFU: SUPU YANGU KULINGANISHWA NA MAJI YA CHUMVI

Natumai hujambo, wewe na walimu wote isipokuwa mmoja, ambaye nitamfikia hivi punde. Mimi ndiye mama anayepika supu ya vichwa vya mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, karibu na lango la shule. Viwanda hupeleka minofu Ulaya, sisi tukaachiwa vichwa, na kwa kuwa akili hukaa kichwani sijawahi kulalamika. Miaka sita sasa watoto wa darasa la nane wanakunywa supu yangu kabla ya mitihani. Kibao changu kinasema wazi: SUPU YA AKILI.

Muhula huu Mwalimu Walubengo wa sayansi aliniomba supu ya wiki tatu, nami nikampa kwa moyo mweupe. Kumbe aliwagawa watoto mafungu mawili. Fungu moja lilikunywa supu yangu, jingine maji ya moto yenye chumvi, nyanya na harufu ya samaki, na hakuna mtoto aliyeambiwa anakunywa nini. Mafungu yote mawili yakapanda alama sawasawa. Ijumaa iliyopita akasimama mbele ya wazazi akatangaza kwamba supu haifanyi kitu, ni imani tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji hayo aliyachemsha katika sufuria niliyomwazima mimi. Sufuria hiyo imepika vichwa tangu Zamzam wangu ananyonya, na sasa Zamzam ameolewa. Hata ukichemsha mawe humo yatatoka yanajua hesabu.

2. Anasema ni imani. Vema, na imani hiyo ilipikwa na nani? Najua utasema mwamba ngoma huvutia kwake, lakini watoto waliokunywa maji walidhani wanakunywa supu yangu. Hakuna aliyedhani ni supu ya Walubengo. Kwa hiyo alama za mafungu yote mawili ni zangu, na naomba iandikwe hivyo kwenye ripoti.

3. Mwalimu mwenyewe humeza vidonge vya mafuta ya samaki kutoka duka la dawa ili asisahau majina ya wanafunzi. Samaki wa kwenye chupa ana akili, wa kwenye sufuria hana? Na bado wasichana wote anawaita Jentrix.

4. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Nelima, binti wa jirani yangu Benta, ni mtoto mwerevu, lakini akiona karatasi ya mtihani mikono humtetemeka mpaka kalamu inaanguka. Alikuwa katika fungu la supu yangu, na mikono ilitulia. Jana asubuhi alishika kikombe, akakitazama, akaniuliza, “Mama Zamzam, hii ni ile ya ukweli ama ni ile ya chumvi?” Akakiacha nusu. Mtihani wa taifa umebakisha mwezi mmoja. Bwana Wakoli, iliniuma sana. Dawa ilikuwa inafanya kazi, mwalimu akaivunja kwa kuieleza.

5. Kwa hiyo naomba Mwalimu Walubengo atangaze kwenye paredi ya Jumatatu kwamba alichanganya vikombe, na kwamba supu ni dawa kamili. Kama kusema uongo kunamkera, anywe kwanza vikombe viwili. Ataamini mwenyewe kabla hajafungua kinywa.

Nisalimie mama watoto, karani wako, bawabu Simiyu ambaye hajawahi kuacha mfupa kwangu, na Mwalimu Walubengo pia, maana sisi wa Kaloleni hatukulelewa kumnyima mtu salamu.

Ni mimi, mwenye sufuria,
Habiba Mbarak

Baada ya kutia sahihi: Kwa kuwa wewe ni mtu wa siri, nikwambie. Wiki zile tatu vichwa havikupatikana mjini, hata kimoja. Nilichompelekea mwalimu kilikuwa maji, chumvi, nyanya na omena wachache, wale dagaa wa ziwani, wa kuleta harufu. Nelima alikunywa hayo hayo, na mikono ikatulia. Nakuomba sana, usimwambie mtoto.