Mvutano wa Kisiwa cha Mbuzi

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mkurugenzi ametangaza: mtafiti ambaye ripoti zake hazijanukuliwa nje ya taasisi mara tatu, Ijumaa mkataba wake basi. Mimi nimenukuliwa mara moja. Aliyeninukuu ni mke wangu, akinicheka. Miaka minne nachunguza usalama wa dunia, usalama wa meza yangu umenishinda! Jirani yangu wa meza, Bi Miwani, ana nukuu kumi na tisa. Anatembea kama aliyepatanisha mataifa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Kuna kisiwa kati ya nchi mbili, mbali huko, hakina mtu, mbuzi tu. Nimeandika ripoti: mvutano unafukuta. Chanzo ni mtaalamu mwandamizi asiyetaka kutajwa jina. Mtaalamu ni mimi. Na kweli sitaki. Nimemtumia mwandishi mmoja wa gazeti.

Jumatano, 5 Machi
Gazeti limechapa! Mchana mahasimu wetu, taasisi ya ghorofa ya juu, wakainukuu habari. Jioni Bi Miwani mwenyewe akawanukuu wao. Raha iliyoje!

Alhamisi, 6 Machi
Nimezisoma taarifa zote tatu. Gazeti limetaja manowari. Mahasimu wametaja mbili. Mimi sikuandika manowari yoyote, kwa hiyo wenzangu wanajua kitu! Naogopa, nakiri. Nimenunua magunia mawili ya mchele na kumsihi mama watoto awapeleke wanangu kwa bibi yao. Akauliza vita viko wapi. Nikamwonyesha kwenye ramani. Akasema kutoka huko, bomu likilia leo, mlio utafika watoto wameshamaliza shule.

Ijumaa, 7 Machi
Mkurugenzi katuita, anataka kujua habari ilitoka wapi. Bi Miwani akasema kwa mahasimu. Mahasimu, kwa simu, wakasema gazetini. Mwandishi akasema kwangu. Macho yote kwangu. Nikajikaza, nikasema chanzo changu hakiwezi kutajwa. Mkurugenzi akasema sawa, nimfikishie salamu: mkataba wake umekwisha.
Nimeumia sana. Nimelia kwenye lifti, kikombe changu mkononi.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu amesema njia ya mwongo ni fupi. Kweli kabisa. Kosa langu lilikuwa kutegemea chanzo kimoja! Leo nimefungua taasisi yangu mwenyewe, huru, hapa sebuleni. Tayari nimewahoji wataalamu watatu wasiotaka kutajwa majina. Tumekubaliana wote.