Kidude cha Mlangoni Pangu

Jumatatu, 3 Juni
Mpwa wangu, fundi umeme, kaja kufunga vidude vya kutahadharisha moto darini. Cha moshi ukumbini, kati ya chumba changu na cha Mama. Cha joto jikoni. Akanieleza kana kwamba sijui! Eti cha kwanza kina mwanga mdogo ndani, moshi ukiingia unautawanya, kinalia. Cha pili hakina habari na moshi wa sufuria. Kinangoja joto lifike nyuzi karibu sitini. Nikamwambia mimi niliwahi kunusa moto wa kiwanda nikiwa maili saba. Akasema, haya Mjomba. Mama hatembei tangu aanguke. Vidude ni kwa ajili yake.

Jumanne, 4 Juni
Sigara moja tu, chumbani! Kidude kikapiga mayowe. Mama akaita kutoka kitandani: mwanangu, ni wewe? Nikasema ni jirani. Mara tatu leo.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni nywele, na mimi nina upara! Nimepanda kiti, nimevibadilisha mahali: cha joto ukumbini, cha moshi jikoni. Vinafanana kama mapacha. Nimevuta nne. Kimya. Ila uji wa Mama uliungua, cha jikoni kikalia. Nikakivisha soksi. Mhandisi gani angewaza hilo?

Ijumaa, 7 Juni
Nilisinzia mchana, sigara mkononi. Godoro likafuka, bila mwali. Moshi mzito. Cha joto kimetulia juu ya mlango kama mgeni asiyemjua mtu. Aliyeniamsha ni Mama, akigonga ukuta kwa mkongojo, akikohoa. Nikambeba hadi uani. Mwepesi kuliko nilivyodhani. Alinishika shati, hakuliachia.

Jumamosi, 8 Juni
Mpwa kapanda kiti, kaona. Kaona na soksi. Hakupiga kelele, ningependa apige. Alisema godoro laweza kufuka saa nzima kabla dari haijapata joto, na moshi haungoji. Karudisha kila kidude mahali pake. Kisha kamhamishia Mama kwake. Mlangoni Mama aliwaambia majirani: mwanangu ameniokoa. Mpwa akanitazama. Nikatazama viatu.

Jumapili, 9 Juni
Nimewasimulia majirani: nilinusa usingizini, nikavunja mlango, miali mpaka darini! Wawili wameamini.
Mkongojo wa Mama umesahaulika ukutani. Jioni nikawasha moja. Kidude kikalia. Kikalia sana. Hakuna aliyeita kuuliza kama ni mimi.
Nimekitoa betri. Redio yangu inaihitaji.