Mjukuu Wangu Hajaleta Herufi Hata Moja Nyumbani

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Awali ya Kimataifa, ile yenye geti la njano.

Mwalimu mwanangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Sikulelewa kuingia kwa watu na fimbo mkononi. Natumaini walimu wako hawajambo na viuno vyao havijambo, maana kukaa sakafuni kutwa nzima si mchezo. Samahani, kwenu ni mchezo.

Mimi ni bibi yake yule binti wa miaka minne anayevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Mama yake ni muuguzi, hutoka alfajiri, kwa hiyo mtoto huyu namwogesha mimi, namvisha mimi, namleta mimi. Viatu hujivalisha mwenyewe, ndiyo mafunzo yenu hayo. Mimi sikusoma. Barua hii anaiandika jirani yangu, fundi cherehani, na nimemwapisha aandike ninavyosema, asinipigie pasi maneno.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Huu ni muhula wa pili. Kila siku namuuliza amesoma nini, kila siku anajibu wamecheza. Jumatatu wamecheza na maji. Jumanne na mchanga. Jumatano wakachanganya maji ya Jumatatu na mchanga wa Jumanne, nikaletewa gauni ambalo hata sabuni ililiogopa. Nilidhani shule ikiwa ya kimataifa, hata tope lake litakuwa limesafiri kidogo. Kumbe tope ni tope.

2. Ripoti. Niliita majirani waje kusikia matokeo. Mama yake akasoma kwa sauti: anamimina maji bila kuyamwaga, anasubiri zamu yake, anajenga mnara na ukianguka halii. Tukangoja. Alama hakuna. Wa ngapi darasani, hakuna. Jirani mmoja mwenye mdomo akauliza kama mtoto anasomea uashi au ufundi wa mabomba. Nikakosa jibu, na mimi kukosa jibu ni habari ambayo mtaa mzima bado unaisimulia.

3. Nilipokuja kulalamika kwa mdomo mlinikaribisha kwenye kiti cha mtoto. Nikakaa. Magoti yakaja kunisalimia masikioni. Kuniinua walihitajika walimu wawili na mlinzi wa getini, huku watoto wakihesabu moja, mbili, tatu. Walihesabu vizuri, sikatai. Lakini nilisahau nilichokuja kusema, na nashuku viti vile mmeviweka kwa makusudi.

4. Mmemtoa mtoto woga. Juzi amemwaga maziwa, nikaanza kumfokea. Akaniacha nimalize, akanishika mkono, akaniuliza najisikiaje. Mwalimu, nimefoka katika nyumba hii miaka arobaini na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata marehemu mume wangu. Ilibidi nikae chini. Hasira ikanipotea na mpaka leo sijaiona. Nani atanilipia?

5. Amefungua duka chini ya meza yangu ya chakula. Anauza sukari isiyokuwepo na sabuni isiyokuwepo, lakini hauzi mpaka mteja aje na karatasi yenye alama yake mwenyewe. Mimi hupanga foleni nyuma ya mwanasesere mwenye jicho moja, na mwanasesere ndiye huhudumiwa kwanza. Nikifika mikono mitupu naambiwa kwa heshima zote: pole Bibi, nenda ukajiandae. Kujiandaa ni kutandaza unga kwenye sinia na kuchora kwa kidole anavyoamuru yeye: fimbo yenye matumbo mawili, halafu fimbo iliyonyimwa chakula, halafu tena ya matumbo mawili, halafu tena yenye njaa. Nikikosea anatikisa sinia, unga unasahau, tunaanza upya. Wiki tatu sasa, kila jioni! Badala ya mtoto kufundishwa kuandika, ananichoresha makorokocho. (Fundi amesimamisha kalamu ananitazama. Nimemwambia aendelee, hakuitwa kutazama.)

Usidhani natania, Mwalimu. Kidole gumba changu ndicho kilichotia sahihi kila kitu maishani mwangu: cheti cha ndoa, karatasi za hospitali nilipomzaa mama yake, karatasi za kumzika babu yake. Kila mara karani alinisogezea wino kabla sijafungua mdomo, kana kwamba imeandikwa usoni. Na kila mara nilirudi nyumbani nimekificha kidole ndani ya nguo njia nzima. Nimeapa mjukuu wangu hatakificha chake. Ndiyo maana nataka asome, asicheze.

Kwa hiyo naambatanisha fomu ya uhamisho, uitie sahihi kabla ya Ijumaa. Nampeleka shule ya ng'ambo ya barabara. Kule watoto hukaa kwa mistari, mikono juu ya meza, na huimba herufi kwa pamoja mpaka nawasikia ninapoanika nguo. Wanaimba zilezile tangu mama yake akiwa mdogo, kwa hiyo bila shaka sasa wanakaribia kuzishika.

Msalimie mlinzi wa getini, mgongo wake nauombea. Msalimie mwalimu yule anayeimba nje ya wimbo. Watoto wote wasalimie, hasa yule anayeng'ata. Mwambie na mimi bado ninayo meno mawili.

Ni mimi, mwenye hasira iliyopotea,

BIBI

Nyongeza: Fundi alinisogezea wino wa kidole. Mjukuu wangu, aliyekuwa amesimama hapo na viatu vyake vya kombo, akasema dukani kwake kidole hakipokelewi. Nikachukua kalamu, kumridhisha tu, nikachora yale makorokocho ya kwenye unga: matumbo mawili, njaa, matumbo mawili, njaa. Fundi akayasoma kwa sauti. Nikamwambia asome tena. Neno lile hapo juu, Mwalimu, ni mimi.

Fomu usiitafute ndani ya bahasha. Mtoto ameichukua kufungia sukari. Jumatatu tutakuja wote wawili. Nitafutie kiti cha mtu mzima.

Fundi hajanyamaza, anataka kujua nani amenifundisha kuandika. Nimemjibu hakuna aliyenifundisha. Tulikuwa tunacheza tu.